KIFUA CHA 82, NYONGA ZA 102: SOMO LA KUREKEBISHA KIOLEZO CHA NGUO

Mhariri alinipa kurasa hizi akaniambia niandike somo lolote mradi liwe na manufaa. Wenzangu wameandika juu ya ngeli, vina na methali. Mimi nitaandika juu ya nguo. Usicheke, na usifungue ukurasa wa mbele bado. Jambo hili lilitaka kutuvunjia kundi letu la ushairi mwaka huu, na wengi wenu hamkujua.

Kabla sijatia guu katika somo lenyewe, nianze kwa kukiri kosa.

Muhula wa pili chama chetu kilikuwa kinajiandaa kwa mashindano ya muziki, upande wa ushairi wa kughani kwa kundi. Tulikuwa wasichana wanane. Tukachanga pesa, mwalimu mlezi akatununulia vitenge viwili vya yadi sita sita, yaani karibu mita 11 zote pamoja. Sasa, mama yangu ni fundi wa nguo sokoni na mimi nimelelewa chini ya meza ya cherehani, hivyo kazi ya kukata niliililia mwenyewe. Mama alikuwa ameenda mashambani kwa matanga. Sikumngoja.

Nikawapima wenzangu kifua, mmoja baada ya mwingine. Kumbe sote tulikuwa kati ya sentimita 80 na 84! Nikasema Mungu amenirahisishia kazi. Nikachukua kiolezo cha mama cha kifua 82, nikakata magauni manane kama mtu anayekata mkate. Kila gauni lilikula mita moja na sentimita 10. Nikakata mikono yote 16, na bado nikabaki na sentimita 70 na ushee za kitenge. Hizo nikazifanya vilemba vya kichwani. Nilijiona mjuzi kwelikweli.

Siku ya kujaribu nguo, saba zilikaa. (Langu nalo lilikaa, ingawa sikupumua sana.) La nane lilikuwa la rafiki yangu, yule ambaye huanzisha kila ubeti. Kichwa kilipita, mabega yakakaa sawasawa kama yamechorwa, kifua kikakaa. Chini ya kiuno gauni likagoma. Tukavuta. Tukavuta tena. Mshono wa ubavuni ukaachia kwa sauti ambayo darasa zima lilisikia, na mnajua darasa letu likipata la kucheka.

Yeye hakulia. Alivaa sare yake pole pole akaniambia, "Si kosa lako. Ni huu mwili wangu. Tafuteni mtu mwembamba asimame mahali pangu." Zilikuwa zimebaki siku nne. Na mimi, ambaye nilijua sijampima popote isipokuwa kifuani, nilinyamaza.

Mama aliporudi jioni ile nikamweleza yote. Aliuliza swali moja tu, "Nyonga zake ni ngapi?" Sikujua.

"Basi wewe hukumshonea yeye," mama akasema. "Ulimshonea karatasi."

Hapo ndipo somo langu linapoanzia. Karatasi hiyo kwa Kiswahili inaitwa kiolezo. Ni ile karatasi ya kaki, ama gazeti, ambayo fundi huilaza juu ya kitambaa, akaizungushia chaki kisha akakata. Kiolezo huwa cha robo ya mwili: nusu ya mbele na nusu ya nyuma. Ya mbele hulazwa pale kitambaa kilipokunjwa, ikifunguliwa inakuwa mbele nzima. Shika neno hilo la robo, tutalihitaji.

Kila kiolezo kina vipimo vyake vitatu vikubwa, na aliyekichora ndiye aliyeamua kwamba mwenye kifua fulani atakuwa na nyonga fulani. Kile cha mama cha kifua 82 kinachukua kiuno 64 na nyonga 90. Ni nani aliyesema mtu wa 82 juu lazima awe 90 chini? Nilipouliza swali hili mama alicheka. Nikaenda kusoma.

Violezo vya karatasi vya kuuzwa kwa saizi mbalimbali vilianzishwa Marekani mwaka 1863 na fundi mmoja aitwaye Ebenezer Butterick, katika jimbo la Massachusetts. (Ni jimbo lilo hilo ambalo viwanda vyake vilifuma kitambaa cha pamba kilicholetwa na mabaharia hadi Unguja karne ile ile, nasi tukakiita merikani mpaka leo. Kwa hivyo kitambaa na karatasi ya kukikatia vyote vilitoka upande mmoja!) Kisha mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000 ili saizi za nguo za dukani zipate msingi. Vipimo vya wanawake wasio wazungu havikutumiwa katika hesabu ya mwisho. Hata wale walioingia hesabuni, wastani wao si mwili wa mtu yeyote. Ukijumlisha vifua vya watu elfu ukagawanya kwa elfu, unapata namba. Namba haina makalio.

Nilipomwambia rafiki yangu habari hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo mimi sijazidi popote?" Nikamwambia la, karatasi ndiyo imepungua.

Turudi kwenye tepu. Kupima ni rahisi ila kuna mtego wa lugha, na kwa kuwa sisi ni wanachama wa Chama cha Kiswahili tusiuruke. Wateja wengi wa mama wakitaja kiuno huonyesha kwa mkono mahali pawili tofauti. Mmoja hugusa pale pembamba karibu na kitovu. Mwingine hugusa pale chini panapojaza. Fundi asipouliza ataandika 102 mahali pa 68, na hapo hapana gauni tena. Katika makala haya kiuno ni pale pembamba. Ukitaka kupajua, inama ubavuni, panapojikunja ndipo. Nyonga ni pale panapojaza zaidi, aghalabu sentimita 18 hadi 23 chini ya kiuno. Pima umesimama miguu pamoja, tepu ikiwa imelala sawa pande zote, na vidole viwili vipite chini yake. Tena tepu ina pande mbili, inchi na sentimita. Mafundi wetu wengi hupima kwa inchi, walimu wetu kwa sentimita. Usipime kifua upande huu na nyonga upande ule. Nimewahi.

Sasa swali lenyewe. Mtu ana kifua cha kiolezo kimoja na nyonga za kiolezo kingine. Achukue kipi?

Mimi ningejibu upesi kwamba achukue kikubwa, halafu apunguze juu. Ndivyo watu wengi hufanya wanaponunua mitumba: wananunua inayopita nyonga, kisha mabega yanawaanguka kama nguo imetundikwa kwenye msumari. Mama anasema kwa gauni au blauzi chagua kwa sehemu ya juu. Sababu ni kazi iliyoko huko juu. Shingo, bega, na tundu la mkono vyote vimeshikana. Ukipunguza bega, tundu la mkono limebadilika. Tundu likibadilika, mkono hauingii tena, nao itabidi uchorwe upya. Lakini chini ya kiuno kuna mistari miwili tu ya ubavuni inayoteremka. Kuisogeza mistari hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kwa hivyo acha pale pagumu pakae sawa kutoka mwanzo, halafu uhangaike na pale parahisi.

Kwa sketi na suruali ni kinyume. Hizo chagua kwa nyonga, kiuno utakipunguza baadaye.

Haya, tuchukue mfano wangu kwanza kwa sababu ni mwepesi. Kifua changu ni 82, nyonga 94. Kiolezo kinachukua nyonga 90. Zimepungua 4. Je, niongeze 4 kwenye karatasi? La! Hapa ndipo wanafunzi wa Sayansi Kimu huanguka. Gauni lina mshono wa ubavuni kulia na mshono wa ubavuni kushoto, na kila mshono una kingo mbili, ya mbele na ya nyuma. Jumla ni kingo nne. Gawanya 4 kwa 4, unapata 1. Naongeza sentimita moja tu kwenye ubavu wa karatasi ya mbele na moja kwenye ya nyuma. Ningeongeza 4 kila mahali gauni lingepanuka kwa sentimita 16, na ningeonekana nimevaa gunia.

Na jambo jingine: linganisha mwili na mwili. Kiolezo kinaposema nyonga 90 maana yake ni mwili wa 90. Karatasi yenyewe ukiipima itatoa kama 95, kwa sababu aliyeichora ameacha nafasi ya pumzi, ili mtu aweze kuketi. Ukilinganisha nyonga zako 94 na zile 95 za karatasi utasema, "Aa, linanitosha," halafu utakaa kama mimi siku ile, bila kupumua.

Kuchora sasa. Laza kiolezo juu ya gazeti. Weka alama kwapani, kiunoni, nyongani na kwenye pindo. Kwapani usiguse. Nyongani toka nje sentimita moja, na kutoka hapo teremka moja kwa moja hadi pindoni ukiwa nje kwa sentimita hiyo hiyo. Kati ya kiuno na nyonga unganisha kwa mstari uliopinda taratibu. Mafundi wana rula maalum ya kupindia. Mama hutumia kifuniko cha sufuria kubwa, na sijaona tofauti. Ukimaliza, pima ubavu wa karatasi ya mbele na wa karatasi ya nyuma. Lazima urefu uwe sawa, la sivyo mmoja utabaki ukining'inia pindoni.

Wenye vile violezo vya kununua, ambavyo saizi nyingi huchorwa katika karatasi moja kwa mistari tofauti, kazi yao ni nyepesi zaidi. Fuata mstari wa saizi yako ya juu mpaka karibu na kiuno, kisha uhamie pole pole hadi mstari wa saizi yako ya chini. Usiruke kutoka mstari mmoja hadi mwingine kwa ghafla. Kitambaa hakijui kuruka.

Sasa rafiki yangu. Kifua 82, kiuno 68, nyonga 102. (Vipimo hivi naviandika kwa ruhusa yake, yeye mwenyewe alisema viandikwe hata kwenye kichwa cha makala.) Nyongani zimepungua 12, ukigawanya kwa nne ni 3 kila ukingo. Kiunoni zimepungua 4, ni 1 kila ukingo. Ukichora ubavuni utaona kutoka 1 hadi 3 katika urefu mfupi ule, mstari unatoka nje kama mfuko wa makaa. Ukishona hivyo, pembeni patavimba na mbele na nyuma patabaki pamebana, maana nyonga za mtu haziko ubavuni peke yake. Mama haongezi zaidi ya sentimita 2 na nusu kwa kila ukingo. Ikizidi hapo anakata karatasi kiunoni.

Ndiyo, anaikata vipande viwili. Juu anabaki na kiolezo cha 82, akiongeza ile sentimita moja ya kiuno kila ukingo. Chini analeta kiolezo cha sketi cha nyonga 102. Ni kama kuchukua juu ya mtu mmoja na chini ya mwingine na kuwashona mahali wanapokutana. Tatizo ni kwamba hawakutani! Kiolezo chake cha sketi cha nyonga 102 kina kiuno 76, na rafiki yangu ni 68. Sketi imezidi 8, sawa na 2 kila robo.

Hizo 2 humezwa na dati. Dati ni ule mkunjo mdogo unaoanza mpana kiunoni na kuisha kwa ncha kali kuelekea nyonga, kama mkuki. Kazi yake hasa ni hii: kuondoa kitambaa pale pembamba na kukiachia pale penye mwili. Mwenye tofauti ndogo kati ya kiuno na nyonga anahitaji dati moja nyembamba kila robo. Mwenye tofauti ya sentimita 34 kama rafiki yangu anahitaji mbili. Usijaribu kuweka dati moja nene, itafanya ncha iliyochongoka kama pembe. Mbili nyembamba hulala vizuri. Zile za nyuma ziwe ndefu kuliko za mbele, kwa sababu nyuma panajaza chini zaidi.

Nyuma pana jambo lake tena. Makalio yakijaa huvuta gauni juu, na pindo la nyuma hupanda likawa fupi kuliko la mbele. Mtu akikutazama kwa upande anaona kama jogoo. Dawa yake ni kuongeza urefu karatasi ya nyuma peke yake: kata kwa mlalo usawa wa nyonga, kutoka katikati ya nyuma kuelekea ubavuni bila kufika mwisho, ufungue sentimita moja au moja na nusu katikati, ubandike kipande cha gazeti. Ubavu unabaki na urefu ule ule, katikati ya nyuma inarefuka.

Nizungumzie gharama, maana najua wazazi wetu. Kitenge chetu kilikuwa na upana wa sentimita 115. Mbele na nyuma za gauni la nyonga 90, pamoja na nafasi ya pumzi, ya mishono na ya zipu, zinachukua upana wa 105. Zinalala kando kwa kando, urefu mmoja unatosha. Za nyonga 102 zinachukua 117. Sentimita mbili tu zimezidi! Lakini mbili hizo zinalazimisha kipande cha nyuma cha sketi kikatwe chini ya kingine, si kando yake. Kwa kitambaa cha maua ungeweza kugeuza kipande kimoja kichwa chini. Chetu kilikuwa na picha za ndege, wangeruka wakiangalia ardhi. Kwa hivyo gauni la rafiki yangu lilihitaji kama sentimita 70 zaidi.

Mnakumbuka sentimita 70? Nilikuwa nazo. Nilizikata vilemba.

Kuna watu ambao mambo yao ni kinyume, juu pakubwa na chini padogo. Dada mmoja wa kidato cha nne, mchezaji wa voliboli, ana kifua 96 na nyonga 92. Akichukua kiolezo cha kifua 96 mabega yatamwanguka, kwa sababu kifua chake kimejaa mbele lakini mifupa ya mabega ni ya mtu wa kiasi. Mama alimpima mara ya pili, tepu ikipita juu ya kifua, chini ya makwapa. Akapata 88. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ikizidi sentimita 5, chagua kiolezo kwa kile cha juu. Akachagua cha 88. Zimepungua 8 za kifua, lakini hapa usigawanye kwa nne, maana mgongo wake haukupungukiwa chochote! Zote 8 ni za mbele, na karatasi ya mbele ni nusu, kwa hivyo ni 4. Mama alikata karatasi kwa wima kupitia kilele cha kifua na kwa mlalo kutoka ubavuni, akaifungua hizo 4, na mwanya uliotokea ubavuni ukawa dati mpya. Mkono wala bega havikuguswa. Nyongani kiolezo cha 88 kilichukua 96, akapunguza 1 kila ukingo. Kufungua huko kwa kifua ni kugumu kueleza bila mchoro. Anayetaka aje nimwonyeshe.

Wavulana, najua mmeruka kurasa mbili mkidhani si yenu. Je, suruali ya sare iliyopita mapaja lakini kiunoni inaingiza ngumi mbili, si mnaijua? Msiivute kwa mshipi mpaka ijikunje nyuma kama mkia wa kondoo. Geuzeni nje muangalie mshono wa katikati ya nyuma. Suruali nyingi za kiume huachiwa kitambaa cha ziada hapo, na mkanda wa kiuno hukatwa vipande viwili vinavyokutana hapo hapo, kusudi fundi aweze kuubana au kuupanua bila kufumua suruali nzima. Basi fundi afumue kutoka kiunoni hadi pale makalio yanapoanza kujaa, apunguze juu na kumalizia na sifuri chini. Ukinunua, angalia nyonga na mapaja. Kiuno ni kitu cha kurekebishwa.

Neno la tahadhari kwa wale wa Sayansi Kimu. Katika mtihani wa vitendo tunapewa kiolezo na kitambaa, tunakata kiolezo kilivyo. Ni sawa kwa mtihani, kila mtu apimwe kwa kitu kimoja. Lakini ukitoka hapo usidhani umejua kumshonea mtu. Kata kwanza shuka kuukuu au merikani ya bei ya chini, piga bandi kwa uzi mrefu, mvalishe mwenyewe, mwambie aketi, ainame, ainue mikono. Ndipo ukate kitambaa chake. Ningefanya hivyo kwa shuka moja tu mwezi ule, nisingekuwa na makala ya kuandika.

Sasa gauni lililokwisha kukatwa, je? Karatasi huongezwa, kitambaa kilichokatwa hakiongezwi. Mama alilitazama gauni lile lililopasuka, akalipima: nyongani lilikuwa 95, tulihitaji 107. Zimepungua 12, ni 6 kila ubavu. Kiunoni zimepungua 4, ni 2 kila ubavu. Tukafumua mishono yote miwili ya ubavuni kutoka chini ya kwapa hadi pindoni. Tukapata masalio ya kitambaa cheusi cha sketi, tukachora utepe mrefu: kwapani ncha, kiunoni upana wa 2, nyongani 6, kisha 6 hiyo hiyo mpaka chini, na sentimita moja na nusu ya mshono kila upande. Mama alishona wa kulia, akaniachia wa kushoto. Nilifumua mara mbili kwa sababu ncha ya kwapani ilikuwa inakunjamana. Saa tano usiku ilikubali.

Asubuhi nilimpelekea rafiki yangu. Nikamwambia mbele ya wale waliocheka kwamba sikuwa nimempima nyonga, na kwamba gauni lilikuwa bovu tangu nilipolikata. Haikuwa rahisi, nilikuwa nimekwisha jisifu sana. Alilivaa, likapita. Alitembea hadi ubaoni na kurudi. Kisha akasema, "Lakini mimi peke yangu ndiye mwenye weusi ubavuni. Wote watajua."

Hilo mama na mimi hatukuwa tumelifikiria. Mwalimu mlezi, ambaye alikuwa mlangoni, akauliza kama kitambaa cheusi kimebaki. Kilikuwepo kidogo, kingine akanunua. Siku mbili zilizobaki tulikaa baada ya masomo tukibandika utepe mweusi juu ya mishono ya ubavuni ya yale magauni saba mengine. Hayakuhitaji upana wowote. Wale waliocheka walipiga bandi, mimi nikakanyaga cherehani. Tulipopanda jukwaani sote tulikuwa na mistari myeusi kutoka kwapani hadi pindoni, na rafiki yangu akaanzisha ubeti wa kwanza. Tulishika nambari ya tatu. Mwamuzi alitukosoa matamshi ya "dh" na "th", juu ya mavazi hakusema kitu.

Wiki iliyofuata rafiki yangu alikuja nyumbani na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: 82, 68, 102. Alikuwa amejipima mwenyewe mbele ya kioo cha dada yake. "Weka mahali ambapo hutaipoteza," akaniambia. Nimeibandika ndani ya droo ya cherehani, pale mama anapoweka bobini.

Tepu ya chama iko kwa katibu. Kila Jumatano baada ya michezo mimi huwa darasani kwetu na rundo la magazeti ya zamani, mkasi na kifuniko cha sufuria. Wavulana pia mwaweza kuja, ila mkasi wa karatasi msikatie kitambaa, na ule wa kitambaa msikatie karatasi.